Meza ya Bwana na Zizi la Mahari

Mkatoliki wa Mugeta, wilayani Bunda, akiulizwa maana ya Ekaristi, atajibu bila kusita jambo ambalo Mtaguso wa Trento ulilithibitisha mwaka 1551, ya kwamba katika misa dhati ya mkate hugeuka ikawa Mwili wa Kristo na dhati ya divai ikawa Damu yake, ilhali umbo, rangi na ladha husalia vile vile. Na jibu lake ni sahihi, wala sina haja ya kuliongezea neno. Linalonishughulisha ni jambo lionekanalo punde tu baada ya imani hiyo kukiriwa. Padre akishuka altareni na hostia mkononi, kwaya ikaanza wimbo wa komunyo, huinuka vikongwe wajane, na vijana wa kipaimara, na watoto waliopokea Komunyo ya Kwanza. Bali mabenchi ya watu wa makamo, walimao pamba na mtama na watoao zaka kila mavuno, aghalabu hubaki yamejaa. Mama mwenye mtoto mgongoni hugeuza magoti upande ili jirani yake apite, kisha hufungua kitabu cha nyimbo, akaimba pamoja na kwaya mpaka wenzake warudi.

Mgeni angedhani hao ni watu wa imani haba. Hasha. Wengi wao wamezuiliwa kwa sababu moja, nayo ni kwamba wanaishi kama mume na mke bila ya kufunga ndoa kanisani. Na ukitafuta kwa nini hawajafunga, utafika, baada ya maneno mengi ya adabu, kwenye zizi la ng'ombe. Mkoani Mara mahari bado huhesabiwa kwa ng'ombe, nayo tangu zamani hulipwa kidogo kidogo, pengine mpaka wajukuu wazaliwe. Mkwe amekwisha kutoa baadhi, waliosalia wamekufa kwa ukame au wameuzwa kwa ada ya shule, na baba wa binti hakubali harusi ya kanisani ifanyike, akihofu kwamba mkwe akishabarikiwa ndoa yake mbele ya padre hatalikumbuka deni tena.

Tutazame basi sheria zinasemaje. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba ndoa iliyotimiza masharti yake mengine haibatiliki kwa sababu ya mahari kutolipwa. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, ambayo inadai hiari ya wawili hao, uhuru wao na mashahidi, haitaji ng'ombe hata mmoja. Ng'ombe wa mahari, kwa hiyo, amepewa mamlaka ambayo Serikali haikumpa wala Kanisa halikumpa: mamlaka ya kuamua ni nani atakayekula kwenye meza ya Bwana. Sisemi haya kwa kuidharau mahari. Ni ahadi baina ya koo mbili, ni heshima ya mama aliyezaa, na wale waiitao biashara ya wanawake kwa kawaida hawajapata kuketi katika kikao cha wazee wakasikia yanayonenwa. Lakini ahadi ni kitu kimoja, na kufuli ni kingine.

Ugumu wenyewe uko hapa. Yule baba mkwe anayezuia harusi, maadamu ndoa yake mwenyewe ni halali, huinuka na kukomunika. Yamkini ni mzee wa kigango, na yamkini ndiye asomaye matangazo. Mdai huenda mezani, na binti yake wa kumzaa, mke wa mdaiwa, hugeuza magoti ili baba apite. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho, hakuwakaripia kwa kukosea juu ya dhati ya mkate, bali kwa sababu wenye navyo walikula wakashiba ilhali maskini wa jamaa ile ile wana njaa. Naye akawaambia kwamba hicho walacho si chakula cha Bwana. Sioni namna ya kuisoma sura ile Mugeta pasipo kumfikiria baba huyo.

Itasemwa kwamba aliyezuiliwa anayo komunyo ya kiroho. Ni kweli, na si maneno ya kufariji tu: Mtaguso ule ule wa Trento ulitenga wale wapokeao kwa sakramenti peke yake, hali wamo dhambini, na wale wapokeao kwa shauku ya imani peke yake, ukahesabu kwamba hawa wa pili huyapata matunda yake. Yule mama aimbaye benchini huenda anapokea kuliko babaye. Walakini fundisho hilo liliwekwa kwa faida ya aliyenyimwa, si kwa starehe ya anayemnyima.

Julius Nyerere wa Butiama, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943 na aliyezoea kuhudhuria misa hata siku za kazi, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970, aliwaambia kwamba Kanisa lisipopigana na hali zinazowadhalilisha watu halitakuwa na maana kwao. Alikuwa akisema juu ya umaskini wa mataifa. Lakini Maryknoll ndio waliotuma mapadre Musoma tangu 1946, na neno lile lina kazi hata katika vigango vya huko.

Jumuiya ndogondogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele mwaka 1976, ndizo zinazoweza kuitenda kazi hiyo, kwa kuwa ndani yake mdai na mdaiwa husali chini ya mwembe mmoja. Wazee wa jumuiya wamwendee baba, mkwe akiri deni mbele ya mashahidi, liandikwe, kisha harusi itangulie na ng'ombe wafuate. Mila yenyewe, iliyoruhusu kulipa kwa miaka mingi, haipingi.

Wengine huzuiliwa kwa sababu ya mitala, na kwao dawa hiyo haitoshi. Nyerere mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya mtemi mwenye wake wengi, na nyumba za namna hiyo hazijakwisha. Sheria ya Kanisa yamruhusu mume anayebatizwa abaki na mke mmoja, kisha yamtaka askofu ahakikishe kwamba walioachwa wanapata riziki yao kwa haki. Na parokia inayosimamia sharti la kwanza kwa ukali yapaswa ionyeshe, kwa gunia la mtama na ada ya watoto, jinsi inavyolitimiza la pili.