Dawa ya nyoka si moja

Dawa ya sumu ya nyoka inatoka katika damu ya farasi. Nyoka hung'atishwa utando uliofunika mdomo wa glasi, akatema sumu yake humo. Farasi hudungwa sumu hiyo kidogo sana, kisha kila baada ya siku kadhaa anaongezewa. Miezi ikipita, anastahimili kiasi ambacho siku ya kwanza kingemwua, kwa kuwa mwili wake umetengeneza kinga. Hapo hutolewa damu, na yale maji ya damu yenye kinga husafishwa na kutiwa katika vichupa. Farasi mwenyewe haulizwi.

Ujuzi huu ulianza na mafuriko. Mwaka 1891, katika nchi ambayo leo ni Vietnam, maji yaliwasukuma swila hadi ndani ya kijiji kimoja karibu na Bac Lieu, wakauma watu. Daktari Mfaransa, Albert Calmette, aliyekuwa na maabara mjini Saigon, aliletewa pipa la swila hai. Februari 1894 alitangaza dawa yake mjini Paris, na wenzake wawili, Phisalix na Bertrand, wakatangaza ya kwao mwezi huo huo.

Lakini Calmette alidai makubwa. Alisema dawa iliyotokana na swila ingetibu sumu ya nyoka wowote. Kule Brazil, daktari Vital Brazil aliijaribu kwa nyoka wa kwao, akiwemo yule mwenye njuga mkiani, na haikufua dafu. Alionyesha kuwa kinga hutambua tu sumu iliyoizaa, au iliyo jamaa yake wa karibu. Mwaka 1901 akawa mkuu wa taasisi ya Butantan, São Paulo, inayotengeneza dawa hizo hadi leo.

Hilo lilijulikana zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hata hivyo, hospitali za Ghana na Chad zilikuja kuuziwa dawa ya bei nafuu iliyotokana na sumu ya nyoka wa India. Nchini Ghana, vifo vilipanda kutoka chini ya wagonjwa 2 katika kila 100 hadi 12. Muuguzi alidunga sindano kama inavyotakiwa, ndugu wa mgonjwa wakashusha pumzi, na kumbe farasi aliyetoa ile damu hakupata kuionja sumu ya nyoka wa Afrika.

Kwa hiyo anayeagiza dawa kwa ajili ya hospitali zetu lazima asome kwenye boksi majina ya nyoka. Je, kifutu yumo? Koboko? Swila wetu anayetema mate? Bei isomwe baadaye.

Na iliyo sahihi nayo huadimika. Fav-Afrique, dawa ya Kifaransa iliyotengenezwa kwa ajili ya nyoka 10 wa Afrika, iliachwa kutengenezwa mwaka 2014 kwa kukosa faida. Vichupa vya mwisho vilikwisha muda wake katikati ya 2016.