Kumbukumbu za Wazee wa Kibra

Msomaji, ukisimama mbele ya maghorofa ya Nyayo Highrise, Nairobi, wakanyaga ardhi ya Kibra, jina la Kinubi lenye maana ya msitu. Askari Wanubi wa King's African Rifles walikaa huko tangu mwanzo wa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ikaitangaza kuwa hifadhi ya jeshi. Hati hawakupewa, hivyo habari za mashamba yao zilitegemea sana kumbukumbu za wazee, hata mwaka 2017 jamii yao ilipopata hatimiliki ya ekari 288.

Je, kumbukumbu ya mzee yaaminika? Uzee hupunguza uwezo wa kushughulikia mambo mawili pamoja. Mzee akihojiwa huku redio yalia, hupotewa na maneno. Lakini aliyesahau alichokula asubuhi mara nyingi aweza kukuonyesha ulipopita mpaka wa shamba la baba yake.

Basi ukimwendea babu, zima redio, uliza neno moja, ungoje. Kisha linganisha jibu lake na maandishi, kwani hata kumbukumbu imara hukosea. Usipouliza leo, kesho utamwuliza nani?