Nani Anaionyesha Kahawa ya Bukoba?

Mgeni wa heshima katika nyumba ya Kihaya hakuandaliwa kikombe cha kahawa. Alipewa akamwani, yaani matunda ya kahawa yaliyochumwa kabla ya kuiva, yakachemshwa na majani ya kunukia, yakaanikwa mpaka yakakauka. Hayo hutafunwa, na hadi leo mtu anayepita Bukoba ataona vifurushi vyake vikiuzwa. Zamani tunda moja lilitosha kuwafanya watu wawili wasio wa ukoo mmoja kuwa ndugu: lina buni mbili, kila mmoja akipaka yake damu na kumpa mwenzake. Huo ndio omukago. Upandaji wa mibuni nao ulikuwa chini ya mkono wa Abakama, watawala wa Kiziba, Ihangiro na falme za jirani.

Kwa hiyo Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890, aliikuta robusta, aina ya kahawa ya huko, ikiwa na hadhi yake. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha mbali. Njia hiyo ilifunguka mwaka 1901, reli ya Uganda ilipofika Kisumu. Gunia lililopakiwa Bukoba sasa liliweza kuvuka Ziwa Viktoria, likapanda treni na kuteremka bandarini Mombasa. Wajerumani, kisha Waingereza, walihimiza kilimo, na mibuni ikajaa katika kila kibanja, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba. Katikati walisimama wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, walionunua, wakapeleka pwani na wakajua bei. Mkulima wa Kamachumu, kule Muleba, alimjua mnunuzi wa dukani. Aliyenunua baada ya huyo hakumjua kabisa.

Miaka ya 1920 ikaja na jambo jipya: bidhaa za makoloni zilianza kutangazwa kwa picha. Kwenye maonyesho makubwa ya Wembley, London, mwaka 1924 na 1925, Tanganyika ilikuwa na nafasi yake katika banda la Afrika Mashariki. Mwaka 1926 serikali ya Uingereza iliunda Empire Marketing Board, iliyobandika mabango mitaani na baadaye ikawa na kitengo cha filamu chini ya John Grierson, ili mama wa nyumbani Mwingereza apendelee bidhaa za dola yake. Bodi hiyo ilivunjwa mwaka 1933. Miaka miwili baadaye kamera zilifika Tanganyika kwenyewe: kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliogharimiwa hasa na Carnegie Corporation ya New York, ulitengeneza filamu fupi kutoka kambi yake ya Vugiri, milimani Usambara. Mojawapo ilihusu kahawa chini ya kivuli cha migomba, jambo ambalo Mhaya hakuhitaji kufundishwa.

Ukiziweka kazi hizo mbili pamoja, unaona mgawanyo uliodumu muda mrefu. Picha za London zilimwambia Mzungu anunue, na za Vugiri zikamwambia Mwafrika alime. Iliyokosekana ni picha ambayo mkulima mwenyewe anamwambia mnunuzi kitu.

Si kwamba wakulima walikaa kimya. Mwaka 1924 Klemens Kiiza, Suedi Kagasheki, Herbert Rugizibwa na wenzao walianzisha Bukoba Bahaya Union, na katika miaka ya 1930 Kiiza alikuwa mstari wa mbele kutaka wakulima wauze kahawa bila kupita kwa walanguzi. Serikali, kwa upande wake, ililalamikia ubora na kutunga kanuni za kilimo cha kahawa. Kanuni hizo zilizua ghasia Bukoba mwaka 1937. Kuwalaumu wakulima kwa ubora ni rahisi, lakini mtu anayelipwa bei ileile kwa kahawa safi na kahawa chafu ana sababu gani ya kuchambua?

Chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union, kilipatikana mwaka 1950. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa kwa amri ya serikali, na miaka iliyofuata biashara ya kahawa ilikuwa mikononi mwa mamlaka ya umma. Sheria ya 1982 iliurudisha ushirika.

Uliporudi, dunia ilikuwa imebadilika. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa migawo ya kahawa ulivunjika na bei zikaanguka. Wakati huohuo Ulaya palizuka biashara ya haki: Max Havelaar ya Uholanzi ilianza mwaka 1988, Cafédirect ya Uingereza mwaka 1991. Kagera Cooperative Union, KCU, chama kikuu cha Bukoba, ikawa miongoni mwa vyama vya mwanzo vya Afrika kuuza katika soko hilo. Hapo ndipo sura ya mkulima ilipopata thamani ya fedha, kwa kuwa mnywaji wa Ulaya aliombwa alipe zaidi baada ya kusoma habari za watu waliolima.

Kanuni za nyumbani, hata hivyo, zilitaka kahawa ipite mnada wa Moshi. Hata KCU ikiwa na mnunuzi wake Ulaya, ililazimika kupeleka kahawa mnadani na kuinunua yenyewe kabla ya kuisafirisha. Mambo yalilegea katika miaka ya 2000, uuzaji wa moja kwa moja ulipoanza kuruhusiwa. Fedha za biashara ya haki ziliisaidia KCU pia kununua hisa katika Tanica, kiwanda cha kahawa ya unga cha Bukoba kilichoasisiwa miaka ya 1960. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hisa hizo ni tangazo zito kuliko bango lolote.

Halafu video. Mwaka 2006 filamu ya *Black Gold* ilimfuata Tadesse Meskela, meneja wa ushirika wa Oromia nchini Ethiopia, akitafuta wanunuzi ng'ambo, na watazamaji wengi wa nje wakamjua yeye kabla ya kuionja kahawa yake. Leo kamera iko kwenye simu, na ndege nyuki hukodishwa. Filamu za kuuza kahawa zimekuwa na mtindo mmoja: ziwa kutoka angani, migomba, mikono ikichuma matunda mekundu, mkeka wa kuanikia, muziki. Nzuri, ila ondoa ziwa na huwezi kujua kama ni Muleba au Masaka ya Uganda. Mnunuzi wa ng'ambo anataka pia kuona ghala, mizani, mtambo wa kukoboa, kipimo cha unyevu. Na bado ataomba sampuli, waonjaji wake waonje, kisha ataanza na bei ya robusta katika soko la London.

Lipo jambo ambalo filamu za namna hiyo hukwepa: butura. Mkulima mwenye ada ya shule au mgonjwa ndani huuza mazao yakiwa bado maua mtini, kwa bei ya mwenye shida. Kahawa itakayoonekana mkekani huenda ilikwisha kuwa ya mtu mwingine miezi kadhaa kabla.

Sasa Ulaya inataka ushahidi mwingine. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, inataka kahawa iingie na vipimo vya mahali shamba lilipo, kuthibitisha kwamba msitu haukukatwa. Kwa vibanja vidogo vya mkoa wa Kagera, vingine chini ya hekta moja, maana yake ni kupima maelfu kwa maelfu ya viwanja. Vyama vya msingi vya ushirika vitakavyomiliki takwimu hizo vitakuwa na kitu cha kumwonyesha mnunuzi. Zikikaa kwenye kompyuta ya msafirishaji, mkulima atarudi kumjua mtu wa dukani peke yake.