Kibaba, Pishi na Kilo: Historia Fupi ya Kupima Unga

Mwanafunzi anayetafuta neno «pishi» katika kamusi huambiwa mara nyingi kuwa ni ratili sita hivi, yaani karibu kilo 2,7. Jibu hilo lina kasoro. Pishi ni kipimo cha ujazo, na uzito wake hutegemea kilichotiwa ndani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba wenye lugha walilitambua jambo hilo tangu zamani, na kwamba kulisahau kuna hasara jikoni, sokoni na katika utafiti wetu.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki palikuwa na koo mbili za vipimo. Ukoo wa kwanza ni wa ujazo: vibaba viwili ni kisaga, vibaba vinne ni pishi. Wa pili ni wa uzito: ratili, na frasila yenye ratili 35 au 36. Nafaka ilikwenda kwa pishi, pembe za ndovu kwa frasila. Methali nayo inashuhudia: haba na haba hujaza kibaba. Kitenzi ni kujaza. Hata kujaza kwenyewe kulikuwa kwa namna mbili: kibaba cha tele kilirundikwa kupita ukingo, na kibaba cha mfuto kilifutwa juu kikawa sawa na ukingo. Mnunuzi asiyeuliza ni kipi alirudi nyumbani na upungufu.

Misafara ya karne ya 19 ilikifikisha kipimo hicho bara. Posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kwa kawaida kibaba kimoja cha nafaka. Kibaba hakikukita mizizi vinywani mwetu, bali posho imedumu: katika Kiswahili cha Kongo, Jumamosi ni siku ya mposho, kumbukumbu ya mgawo wa kila juma.

Kilo ilitoka kwingine. Sheria ya Ufaransa ya 7 Aprili 1795 ilifafanua gramu kuwa uzito wa maji yanayojaza mchemraba wa sentimita moja kila upande. Hapo koo mbili zikaoana: lita ya maji ni kilo moja. Lakini ndoa hiyo ni ya maji peke yake. Lita ya unga wa ngano uliomiminwa taratibu ina gramu 500 hivi. Ukishindiliwa, huweza kufikia 650. Tuseme mwokaji ametia desilita tatu za maji. Katika unga wa kwanza, kila sehemu 100 za unga zimepata sehemu 60 za maji, na mkate utaumuka vyema. Katika wa pili zimepata 46 tu, na donge litakuwa gumu. Kikombe ni kilekile. Mkono ndio uliobadilika. Kwa sababu hiyo Fannie Farmer wa Boston, katika kitabu chake cha mapishi cha mwaka 1896, alisisitiza kikombe kilichosawazishwa. Huo ndio mfuto wetu wa zamani.

Sokoni Lubumbashi, unga wa mahindi huuzwa kwa meka, na ugomvi ni uleule: tele au mfuto? Mama asiye na mizani nyumbani ana njia rahisi. Ajaze kopo lake bila kushindilia, alifute kwa kisu, aupeleke unga huo dukani upimwe mara moja, kisha aandike: kopo hili, unga huu, gramu kadhaa. Unga wa muhogo utahitaji hesabu yake.

Nasi watu wa lugha tunapaswa kufanya vivyo hivyo. Fasili ya pishi isiyotaja kilichopimwa, wala kama ni tele au mfuto, ni fasili pungufu. Mwanafunzi atakayekwenda sokoni kukusanya majina ya vipimo asichukue daftari peke yake. Achukue na mizani.