Kiti cha Vuga: Urithi wa Wakilindi kati ya Hadithi na Njama

Ufalme wa Wakilindi, uliotawala milima ya Usambara tangu karne ya 18, ulianza kwa ugomvi wa urithi. Masimulizi yanasema Mbegha, mwindaji wa nguruwe kutoka vilima vya Nguu, alikuwa kigego: meno ya juu yalimtoka kabla ya yale ya chini, na mtoto wa namna hiyo aliaminiwa kuwa atawamaliza ndugu zake. Wazazi wake walipofariki, jamaa zake walimnyima mali kwa hoja hiyohiyo. Akaondoka na mbwa wake hadi Kilindi, ambako mtoto wa mkuu wa mji, rafiki yake, alikufa windoni. Akakimbia tena, akaibukia Usambara. Wasambaa walimpenda kwa nyama aliyowagawia na kwa kuwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, wakamfanya mfalme wao. Akiwa njiani kwenda Vuga, makao makuu ya ufalme, aliua simba usiku, na kwa sababu hiyo mfalme wa Usambara akaitwa Simba Mwene.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa urefu katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, mtu wa pwani aliyepata kuishi karibu na Semboja, mmoja wa wahusika wakuu wa vita vya urithi vitakavyoelezwa hapa chini. Ni hazina kubwa, lakini si kitabu cha mtu asiye na upande.

Hadithi ya Mbegha iliwafaa watawala. Mgeni asiye na ukoo milimani hakuwa wa ukoo mmoja dhidi ya mwingine. Alioa katika koo nyingi, na watoto wake wakawa machifu katika nchi za wajomba zao. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya ufalme, na hapohapo palikuwa na hatari yake: kila mtoto wa mfalme alikuwa na watu wa upande wa mama waliotamani kumwona akikalia kiti cha Vuga.

Dawa ya hatari hiyo ilikuwa siri. Inasimuliwa kwamba maradhi ya Mbegha yalijulikana kwa wazee wachache tu. Alipokufa alizikwa kimya, na mwanawe Buge akaletwa usiku kutoka Bumbuli. Watu walipopata habari ya msiba, mfalme mpya alikuwa tayari amekwisha kukalia kiti. Wazee wa Vuga waliotunza siri hiyo hawakuwa na kiti wao wenyewe, lakini ndio waliokuwa na nafasi ya kuamua nani aitwe kwanza.

Mpango huo ulikuja kulegea baada ya Kimweri ye Nyumbai, mfalme mkuu kuliko wote wa Usambara. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848 na 1852, na mwaka 1857 wasafiri Burton na Speke walimkuta akiwa mzee sana. Watu waliamini kuwa mvua ilikuwa mikononi mwake. Wasambaa walitofautisha hali mbili za utawala: mfalme mwenye nguvu isiyo na mpinzani huiponya nchi, lakini nguvu ikishindana na nguvu, nchi huharibika na njaa huingia. Kwa hiyo minong'ono juu ya afya ya mfalme ilikuwa pia minong'ono juu ya mavuno.

Kimweri aliweka wanawe kuwa machifu kila upande, lakini mrithi wake alikufa kabla yake. Alipofariki mwaka 1862, kiti kilimwangukia mjukuu, Shekulwavu, kijana aliyetakiwa kuwatawala baba zake wadogo. Mmoja wao alikuwa Semboja wa Mazinde, katika tambarare ya Mkomazi, si mbali na Mombo. Kwa heshima ya kale Mazinde ilikuwa pembeni. Kwa biashara ilikuwa njia kuu: misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipita chini ya milima, na bunduki na baruti zilifika kwa Semboja kabla ya kufika kwa mfalme. Shekulwavu alikuwa na matambiko ya mvua. Mpinzani wake alikuwa na risasi na wapiganaji kutoka nje ya milima.

Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliiteka Vuga. Shekulwavu alikimbilia upande wa Bondei, akafia ukimbizini, na Wabondei nao wakainuka katika uasi uitwao Kiva, wakawaua na kuwafukuza Wakilindi. Ajabu ni kwamba Semboja hakukalia kiti alichokipigania. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, huku yeye mwenyewe akibaki Mazinde kwenye biashara. Huo ndio ujanja wake mkubwa kuliko wote: heshima aliiacha mlimani, mamlaka akayaweka barabarani. Gharama yake ililipwa na raia, maana machifu wa pande mbili waliwakamata watu na kuwauza ili wapate baruti.

Wajerumani walipoingia waliutumia ufa huohuo. Mwaka 1895, mwaka aliofariki Semboja, walimnyonga mfalme Mputa wa tawi lake, wakamsimika Kinyashi wa tawi la Shekulwavu. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, ikifuata tambarare ileile ya misafara. Kinyashi alijiuzulu baada ya miaka michache, kisha Waingereza, waliotawala baada ya Wajerumani, wakamrudisha mwaka 1926, nao wakaendelea kupima nani anafaa. Magogo, wa tawi la Semboja, aliachia kiti mwaka 1947 baada ya wakulima kupinga utawala wake. Aliyemfuata, Kimweri Mputa Magogo, ndiye Simba Mwene wa mwisho kutambuliwa na serikali, kwani Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria mwaka 1963.