Hirizi ya Taweret

Hirizi ya Taweret ni sanamu ndogo, aghalabu isiyozidi urefu wa kidole, ambayo Wamisri wa kale waliivaa kwa uzi uliopenyezwa tunduni, wakitaraji himaya kwa mja mzito na mtoto mchanga. Taweret, yaani "Aliye Mkuu", alikuwa mungu mke wa nyumbani: kiwiliwili cha kiboko mwenye mimba aliyesimama wima, miguu ya simba, na mgongo wa mamba.

Nyingi zilifinyangwa kwa unga wa mawe ya kwatsi, zikachomwa hata zikatoka na utando wa buluu au kijani unaong'aa kama kioo. Hata Amarna, mji wa Farao Akhenaten aliyetaka aabudiwe Aten peke yake, zimefukuliwa katika nyumba za raia. Yaelekea hofu ya uzazi ilishinda matakwa ya mfalme.

Mvuvi wa Minago, kando ya ziwa Tanganyika nchini Burundi, aliyekwisha kugeuza mtumbwi kwa kumwona kiboko jike akimkinga mwanawe kando ya matete, hahitaji kuelezwa kwa nini mnyama huyo alichaguliwa kuwa mlinzi wa wazazi. Maji ya Tanganyika hushuka Kongo kwa mto Lukuga, wala hayafiki Misri. Lakini huko Rutovu, katika milima iliyo mashariki, ipo chemchemi ya kusini kabisa ya Nile, iliyojengewa piramidi ndogo ya mawe mwaka 1938. Ama hirizi za Waislamu wa pwani hii ya ziwa, kinyume cha ile ya Taweret, hazina sura ya kiumbe: ni maandishi ya aya yaliyokunjwa na kushonewa ndani ya ngozi.