Mbingu Nyeupe

Chukua picha yoyote ya pwani yetu iliyopigwa katika miaka ya 1860 au 1870, uitazame sehemu ya juu. Chini utaona kila kitu: majahazi yamelala ufukweni, kuta za chokaa, minazi, watu wachache waliosimama wima kwa sababu wameambiwa wasitikisike. Juu hakuna kitu. Mbingu ni nyeupe kama karatasi ambayo haijaandikwa. Hakuna wingu, hakuna hata dalili ya wingu. Ukikusanya picha mia moja za namna hiyo utadhani wazee wetu waliishi katika kiangazi kisicho na mwisho, na kwamba masika ililetwa baadaye pamoja na reli.

Swali hili nimekaa nalo kwa miaka mingi. Mimi ni mtu wa picha kwa mapenzi tu, si kwa riziki, na katika picha zote hakuna zinazonivuta kama picha za mandhari wakati wa mvua na dhoruba. Nilipoanza kutafuta historia yake niligundua kwamba mvua iliingia katika picha kwa kuchelewa sana, na kwamba ilipoingia, mara nyingi ilipitia mlango wa nyuma.

Sababu ya mbingu nyeupe ni dawa. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kupiga picha juu ya kioo. Kioo kilipakwa kolodioni, ambayo ni maji mazito yanayonata, kikachovywa katika dawa ya fedha, kikaingizwa kwenye kamera kikiwa bado kimelowa, kikapigwa picha, kisha kikasafishwa papo hapo. Kikikauka, kazi imekwisha. Kwa hiyo mpigapicha alisafiri na hema la giza, chupa, mabeseni na ndoo za maji. Mtu wa namna hiyo hatoki nje upepo unapovuma. Hema lenyewe litampaa.

Lakini ubaya mkubwa zaidi ni kwamba dawa ile haikuona rangi kama sisi tunavyoziona. Iliona samawati na zambarau, basi. Kijani iliiona kwa shida, na manjano na nyekundu kwake zilikuwa sawa na giza. Sasa fikiri, msomaji: mpigapicha anataka majani ya mwembe yaonekane, hivyo anaacha kamera wazi kwa sekunde kadhaa. Katika muda huo mbingu ya samawati na wingu jeupe vyote viwili vimeiunguza dawa kabisa, na kwenye karatasi vikatoka vyeupe pamoja. Wingu lilikuwapo. Kioo hakikuweza kulitenga na mbingu.

Kapteni James Grant alifika Unguja mwaka 1860 pamoja na John Hanning Speke, akiwa na kamera, na akapiga picha mjini. Walipoelekea bara, kamera ilirudishwa. Speke ameeleza kwamba kazi ya ndani ya hema lile, kwa joto lile, ingemuua mwenzake. Grant akashika penseli na rangi, na safari nzima hadi Mto Naili ikabaki kwetu kwa michoro. Naona ni jambo dogo lenye uzito, kwa sababu michoro inaweza kuwa na mawingu.

Miaka kumi na miwili baadaye, tarehe 15 Aprili 1872, Unguja ilipigwa na kimbunga. Kisiwa kipo karibu mno na ikweta kwa vimbunga kufika mara kwa mara, ndiyo maana hakuna aliyekuwa amejiandaa. Meli za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini ziliangamia, majahazi yakatupwa pwani, na mashamba ya mikarafuu ya Unguja yakang'olewa sehemu kubwa. Pemba ilisalimika kwa kiasi, na ni tangu hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu hasa. Bara nako mvua zilikuwa za kutisha. Henry Morton Stanley, akirudi kutoka Ujiji alikomkuta Livingstone, alikuta mji wa Simbamwenni, karibu na Morogoro ya leo, ukuta wake umechukuliwa na mafuriko.

Mjini Unguja siku zile alikuwapo John Kirk, aliyekaimu ubalozi wa Uingereza. Kirk alikuwa daktari, mtaalamu wa mimea na mpigapicha. Picha zake za safari ya Zambezi, za tangu mwaka 1858, zipo hadi leo. Mtu alikuwapo na ujuzi alikuwa nao. Ila hakuna kioo cha kolodioni ambacho kingeweza kushika ile asubuhi, hata angekuwa na ujasiri wa simba. Tukio lililobadilisha uchumi wa visiwa viwili tunalo kwa maneno tu. Kwa hiyo picha za zama zile zinapowekwa ukutani kama ushahidi wa jinsi nchi ilivyokuwa, mimi huuliza: nchi ya miezi gani?

Hata hivyo, wakati Archer akisifiwa London, Paris palikuwa na mtu aliyekasirishwa na mbingu nyeupe. Jina lake Gustave Le Gray, aliyesomea uchoraji. Kati ya mwaka 1856 na 1857 alipiga picha za bahari huko Normandy na kusini kwenye Mediterania, na watu walipoziona walishangaa: bahari ina mawimbi na mbingu ina mawingu, tena mawingu mazito yenye jua nyuma yake. Baadhi alizipata kwa kioo kimoja, kwa kuilenga nuru na kuacha vitu vingine vitoke vyeusi. Lakini kwa nyingine, na hasa ile maarufu ya wimbi kubwa la Sète ya mwaka 1857, alitumia vioo viwili. Kimoja alikipigia bahari, kingine alikipigia mbingu, mahali pengine au siku nyingine, kisha akaviunganisha juu ya karatasi moja. Mbingu ikimpendeza aliitumia tena. Zipo picha zake tofauti zenye mawingu yale yale.

Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Sikubaliani nao. Kioo kimoja kilichoachwa na "ukweli" wake kilisema kwamba juu ya bahari ya Sète hapakuwa na kitu, na huo ndio uongo mkubwa zaidi, ingawa ulisemwa bila nia mbaya. Le Gray aliweka dari juu ya nyumba iliyokuwa na dari. Kwamba dari lenyewe aliliazima ni jambo la kujadiliwa, lakini si kosa la aina moja na lile la kulifuta. Biashara ilimshinda, akaondoka Ufaransa mwaka 1860 akiacha madeni na familia, akaishia Misri akifundisha uchoraji, na akafia Cairo mwaka 1884. Mwaka 1999 nakala moja ya lile wimbi iliuzwa mnadani London kwa pauni 507,500, bei ambayo hakuna picha ya kamera iliyokuwa imewahi kuifikia mnadani.

Mawingu yakapatikana, lakini mvua yenyewe je? Hapo Wajapani wametuchekesha na kutufundisha. Kusakabe Kimbei, mwenye studio mjini Yokohama katika miaka ya 1880, aliuza picha ya msichana mwenye mwavuli katika dhoruba. Kimono imepeperuka, mwavuli unapambana na upepo, mvua inapiga mshazari. Yote yalifanyika ndani ya studio. Nguo imevutwa kwa nyuzi, na mvua ni mikwaruzo aliyoichora kwa kitu chenye ncha juu ya kioo. Aliichora mistari kwa sababu wachoraji wa nchi yake, Hiroshige akiwa mbele yao, walikuwa wamekwisha kuichora mvua hivyo miaka mingi.

Cha ajabu ni kwamba mistari ile ilikuwa sahihi. Tone kubwa la mvua huanguka kwa mwendo wa kama mita tisa kwa sekunde. Kamera ikifunguka kwa sehemu ya sitini ya sekunde, tone hilo limekwisha kushuka sentimita kumi na tano, nalo linatoka kama uzi. Ukitaka litoke kama tone, unahitaji kasi ya elfu moja na kuendelea. Ukiiacha kamera wazi sekunde nzima, mvua inatoweka na kubaki kama ukungu. Wazee wa studio hawakuwa na haja ya hesabu hizo. Mimi nilizihitaji, na pia nilihitaji kujifunza kwamba mvua haionekani mbele ya mbingu nyeupe hata ikiwa ya gharika. Inaonekana mbele ya kitu cheusi, na nuru ikitokea nyuma yake. Mlango wazi wa banda lenye giza ndani, au shina la mwembe jua linapochungulia katikati ya mvua, hapo ndipo mistari ya Kimbei inapojitokeza yenyewe.

Upande wa umeme mambo yalikwenda kinyume. Wachoraji wa Ulaya walizoea kuuchora umeme kama msumeno, zigizaga yenye pembe kali. Tarehe 2 Septemba 1882, mjini Philadelphia, Marekani, William Jennings alifanikiwa kuunasa umeme kwenye kioo, na umeme ulitoka kama mto na vijito vyake, au kama mizizi ya mti uliopinduliwa. Hapakuwa na pembe hata moja. Kilichomwezesha ni vioo vipya vya jelatini, vilivyotokana na kazi ya daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, ya mwaka 1871. Vioo hivi vilikuwa vikavu na vyepesi kushika nuru. Mpigapicha angeweza kuvibeba mfukoni mwa koti, akavisafisha wiki ijayo. Hema likatupwa. Mjerumani Hermann Vogel alikuwa tayari, mwaka 1873, amegundua jinsi ya kuifumbua macho dawa ili ione kijani, na mwaka 1906 vikaanza kuuzwa vioo vinavyoona rangi zote. Kwa kuweka kioo cha manjano au chekundu mbele ya lensi, samawati ya mbingu ilitiwa giza na wingu likasimama. Mbingu nyeupe ilikwisha hapo kama jambo la lazima. Baada ya hapo ikawa uvivu.

Tangu hapo lililobaki lilikuwa la mtu, si la dawa: nani atakubali kulowa? Alfred Stieglitz alisimama saa tatu katika tufani ya theluji mtaa wa Fifth Avenue, New York, tarehe 22 Februari 1893, akiwa na kamera ya mkononi ambayo mabwana wa picha waliidharau, akisubiri gari la farasi lifike mahali alipopataka. Na Ansel Adams, ambaye jina lake halikosekani mandhari yanapozungumzwa, alipata picha yake ya dhoruba ya Yosemite siku moja mwanzoni mwa Desemba. Mvua kubwa iligeuka theluji, na ilipofika kama adhuhuri ikaanza kufunguka. Aliendesha gari hadi mahali alipokuwa amekwenda mara nyingi bila kupata alichokitaka, akasimika kamera yake kubwa ya miguu mitatu, akangoja mawingu yapasuke. Ni dhoruba ya mwaka gani? Hapo wataalamu hawapatani, kwa kuwa Adams hakuwa mtu wa kuandika tarehe, na vitabu vimetaja miaka tofauti. Jambo hilo hunifurahisha. Saa ya mchana aliikumbuka, mvua iliyogeuka theluji aliikumbuka, mwaka ukampotea.

Shangazi yangu alikuwa hivyo hivyo. Ukimwuliza mtoto fulani alizaliwa lini, hakutaji mwaka. Atakwambia ni ile masika iliyofululiza hadi ukuta wa jikoni ukaanguka. Picha zake zote, na hazizidi tano, zilipigwa studio mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua. Hakuna aliyemwendea na kamera siku ukuta ulipoanguka, wala yeye asingekubali kupigwa akiwa amelowa. Katika albamu yake hakuna mvua hata tone moja, ilhali maisha yake aliyahesabu kwa mvua.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya kusini, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Lindi. Safari hii picha zilikuwapo kwa maelfu, kwa sababu kila mtu ana simu. Nilizitazama kwa makini, hasa mbingu zake. Mawingu yalionekana na ardhi ilionekana, vyote kwa pamoja, jambo ambalo kwa filamu ningelipata kwa jasho. Ni kwamba simu hizi hazipigi picha moja. Unapogusa kioo mara moja, zinapiga kadhaa, nyingine kwa ajili ya mbingu angavu na nyingine kwa ajili ya ardhi yenye kivuli, kisha programu inaziunganisha kabla hujashusha mkono. Ni kazi ile ile ya Le Gray, isipokuwa mbingu haikuazimwa siku nyingine, na mshono hauonekani. Kwenye wimbi la Sète mshono bado upo, pale mawingu yanapokatika ghafla juu ya mstari wa bahari.